Chanjo za shule Marekani: namna ya kuifanya kadi ya kliniki ya nyumbani ikubalike

Kila mwezi wa 8, shule za Marekani zinapokaribia kufunguliwa, kuna wazazi wanaozungumza Kiswahili wanaotoka ofisi ya shule na karatasi mbili mkononi. Moja ni orodha ya chanjo ambazo mtoto "hana". Ya pili ni fomu ya msamaha, ile inayosema kwamba dini au imani ya familia haikubali chanjo. Karani wa shule hana nia mbaya. Ameletewa kadi asiyoweza kuisoma, foleni ni ndefu, na anajua fomu ya pili itamaliza shauri kwa dakika 5. Mzazi anasaini, mtoto anaingia darasani. Tangu siku hiyo mtoto aliyechomwa sindano zote Kasulu, Kakuma au Uvira anahesabiwa kuwa mtoto wa familia inayopinga chanjo, na surua ikizuka shuleni yeye ni wa kwanza kurudishwa nyumbani, kwa kawaida siku 21 tangu mara ya mwisho alipokuwa karibu na mgonjwa.

Mzazi huyo hakuwa na ugomvi wowote na chanjo. Ugomvi wake ulikuwa wa karatasi, na karatasi hutengenezeka. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuitengeneza, na pia unaeleza fomu ya msamaha ni ya nani hasa.

Sheria ni ya jimbo

Serikali kuu ya Marekani haimlazimishi mwanafunzi yeyote kuchanjwa. Anayelazimisha ni jimbo. Massachusetts ilitangulia mwaka 1855 kwa chanjo ya ndui, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 majimbo yote 50 yalikuwa na sheria ya chanjo kwa shule. Ubishi ni wa zamani vilevile. Mchungaji Henning Jacobson wa mji wa Cambridge alikataa chanjo ya ndui mwaka 1902, akatozwa faini ya dola 5, akaipeleka kesi hadi Mahakama Kuu ya nchi, na mwaka 1905 akashindwa kwa majaji 7 dhidi ya 2. Mwaka 1922, katika kesi iliyotoka San Antonio, Texas, mahakama hiyohiyo ilikubali shule kumzuia mwanafunzi asiyechanjwa.

Ubishi wa leo ni juu ya nani aruhusiwe kukataa. Kila jimbo linakubali sababu za kiafya zenye saini ya daktari. Mengi yanakubali pia sababu za dini, na baadhi yanakubali hata msimamo binafsi tu. California ilifuta misamaha isiyo ya kiafya kwa sheria ya 2015, baada ya mlipuko wa surua ulioanzia Disneyland mwishoni mwa 2014. New York ilifuta 2019, Connecticut 2021, na Maine, ambako Wakongomani wengi wamehamia Portland na Lewiston, ilipitisha sheria yake 2019 ikaanza kutumika 2021. Upepo mwingine unavuma upande wa pili: West Virginia, iliyokuwa kali kuliko karibu zote, gavana wake alitoa amri Januari 2025 ya kuruhusu sababu za dini, na kesi zikafuata. Septemba 2025 mkuu wa afya wa Florida alitangaza nia ya kuondoa ulazima wote. Na kitaifa, Juni 2025 waziri wa afya Robert F. Kennedy Jr. aliwaondoa wajumbe wote 17 wa kamati inayopendekeza ratiba ya chanjo.

Kwako wewe mzazi, maana ya yote hayo ni moja. Usitumie orodha aliyokupa rafiki wa jimbo jingine, wala ya mwaka juzi. Nenda kwenye tovuti ya idara ya afya ya jimbo lako, au mwombe nesi wa shule akuchapie orodha ya mwaka huu wa masomo kwa darasa la mtoto wako. Darasa lina uzito: chekechea wana orodha yao, darasa la 7 wana nyongeza (mara nyingi Tdap, yaani pepopunda, dondakoo na kifaduro), na baadhi ya majimbo huongeza chanjo ya homa ya uti wa mgongo kabla ya darasa la 12.

Kwanza, kusanya karatasi zote

Wakimbizi waliopitia IOM (Shirika la Kimataifa la Uhamiaji) walisafiri na mfuko mweupe wa plastiki wenye herufi za buluu. Watu huutupa wakishafika, au hugeuza wa kuwekea viatu. Ufungue kabla hujaenda popote. Ndani yake tafuta fomu yenye namba DS-3025 pembeni. Hiyo ndiyo karatasi ya chanjo iliyojazwa na madaktari wa safari, kwa Kiingereza, kwa mpangilio wa Kimarekani. Tangu 2012 watoto wengi wa kambini huchanjwa kabla ya ndege chini ya mpango wa chanjo za wakimbizi wanaokwenda Marekani, na huenda mtoto wako alishapata dozi moja au mbili za MMR (surua, matumbwitumbwi na rubela) bila wewe kujua jina lake. Waliokuja kwa viza ya uhamiaji nao wana DS-3025.

Pili, kadi yenyewe: kadi ya kliniki ya Tanzania, kijitabu cha mama na mtoto cha Kenya, kadi ya Congo ya Kifaransa. Ikiwa ilibaki nyumbani, mwombe shangazi au bibi aipige picha kurasa zote, nje na ndani, kwenye mwanga wa jua, kila ukurasa picha yake, tarehe na mihuri vikisomeka. Ikiwa imepotea, kituo cha afya alikochanjiwa mtoto kina daftari la chanjo; ndugu akienda na jina la mtoto, jina la mama na mwezi wa kuzaliwa anaweza kupewa kadi mpya yenye muhuri. Inachukua wiki, kwa hiyo anza Juni, usingoje Agosti.

Neno la mama halihesabiwi. Hata ukikumbuka kila sindano na jina la nesi, shule na kliniki hukubali tarehe iliyoandikwa tu. Kovu la BCG (chanjo ya kifua kikuu) begani nalo halisaidii. Marekani haiitaki BCG kwa shule.

Tarehe: hapa ndipo kadi nyingi huangukia

Wamarekani huandika mwezi kwanza, kisha siku. Sisi tunaanza na siku. Tuchukue kadi ya mfano, ya mtoto aliyezaliwa 2 Mei 2019. Chanjo yake ya pili ya surua na rubela imeandikwa 04/11/2020, yaani 4 Novemba, akiwa na miezi 18 na siku 2. Nesi wa Ohio anaisoma 11 Aprili 2020, mtoto hajatimiza mwaka. Dozi ya surua iliyotolewa kabla ya siku ya kutimiza mwaka mmoja haihesabiwi, isipokuwa imetangulia kwa siku zisizozidi 4. Basi dozi halali inafutwa kwa sababu ya mpangilio wa tarakimu. Kwenye kadi hiyohiyo Penta ya pili imeandikwa 11/07/2019. Nesi anaiona ni ya Novemba, ilhali Penta ya tatu iko 08/08/2019, miezi mitatu nyuma. Hapo anaanza kuitilia shaka kadi nzima.

Chukua karatasi safi. Andika kila chanjo na tarehe yake, mwezi ukiwa kwa herufi: 4 NOV 2020. Kadi ya asili usiiguse kwa kalamu hata kidogo. Ikionekana imeguswa imekufa. Kisha tafuta ndani ya kadi tarehe moja isiyoweza kusomwa kwa namna mbili. Kwenye kadi yetu ya mfano Penta ya kwanza ni 13/06/2019. Hakuna mwezi wa 13. Weka kidole hapo, umwonyeshe nesi: ikiwa hii ni siku kwanza, zote ni siku kwanza.

Kuna tatizo jingine linalowapata sana watu wa kambini. Hati ya safari inasema mtoto alizaliwa 1 Januari, kwa sababu aliyeandikisha hakuwa na cheti. Kadi ya kliniki inasema Mei. Kompyuta ya kliniki inatumia tarehe ya hati, na dozi zinahesabiwa kwa umri usio wa kweli. Mbaya zaidi ni pale hati inapomfanya mtoto mdogo kuliko alivyo: chanjo inaonekana ilitolewa kabla hajazaliwa. Usibadilishe chochote wewe mwenyewe. Mweleze daktari wa watoto, na mwombe aandike kwenye faili kwamba kadi na hati zinatofautiana, na kwamba dozi alizikagua kwa tarehe ya kadi. Majina matatu yaliyopangwa vingine nayo yaelezwe kwenye barua hiyohiyo.

Majina ya chanjo

Karani anatafuta neno DTaP (dondakoo, pepopunda na kifaduro) na neno Hep B (homa ya ini B). Kadi yako inasema Penta, au DPT-HepB-Hib, au kwa Congo DTC-HepB-Hib. Haoni anachokitafuta, anaandika "hakuna". Penta ni kinga 5 ndani ya sindano moja: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini B na Hib (bakteria wa homa ya uti wa mgongo na nimonia). Kwenye karatasi yako safi igawe: mstari mmoja wa DTP, mwingine wa Hep B, mwingine wa Hib, tarehe zilezile.

OPV, au VPO kwa Kifaransa, ni polio ya matone. IPV au VPI ni polio ya sindano. MR ni surua na rubela. VAR kwenye kadi ya Congo ni surua peke yake. VAA ni homa ya manjano, ambayo shule hazidai.

Dozi zipi zinahesabiwa, zipi hazihesabiwi

Hapa ndipo wazazi hukasirika, na wana haki: "Mtoto wangu alimaliza chanjo zote!" Alimaliza, kwa ratiba ya nyumbani. Ratiba hiyo imepangwa kumkinga mtoto mapema iwezekanavyo mahali ambapo ugonjwa upo jirani. Ya Marekani imepangwa vingine. Turudi kwenye kadi yetu ya mfano, mtoto akiwa na miaka 6 anataka kuanza darasa la kwanza.

Penta 3, za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kwa upande wa dondakoo, kifaduro na pepopunda zote 3 zinahesabiwa. Inabaki 1 tu, mradi itolewe akiwa ametimiza miaka 4. Akishafika miaka 7 mambo yanabadilika, anapewa Tdap badala ya DTaP, kwa hiyo anayekaribia siku ya kuzaliwa ya 7 asicheleweshwe.

Homa ya ini B ndani ya Penta hizohizo: mbili zinahesabiwa, ya tatu hapana. Marekani inataka dozi ya mwisho itolewe mtoto akiwa na wiki 24 au zaidi, ikiwa imepita walau wiki 16 tangu ya kwanza na 8 tangu ya pili. Yetu ilitolewa wiki ya 14. Anahitaji 1 zaidi. Hili linawapata karibu watoto wote waliochanjwa kwa ratiba ya Afrika Mashariki, na makarani wengi hulieleza vibaya, wakisema mtoto "hana homa ya ini B kabisa". Ukiambiwa aanze upya dozi 3, kataa kwa upole. Dozi halali hazifutwi kwa sababu ya muda kupita. Mtu huendelea pale alipoishia.

Polio: matone aliyopewa tangu 1 Aprili 2016 hayahesabiwi, kwa kuwa tangu wakati huo dunia ilihamia matone yenye aina 2 za kirusi badala ya 3. Kwa mtoto wetu inabaki ile IPV moja ya wiki ya 14. Anahitaji 2 zaidi, zikipishana miezi 6. Kaka yake aliyezaliwa 2012 matone yake yanahesabiwa.

Surua: MR ya miezi 9 haihesabiwi. Ya miezi 18 inahesabiwa kwa surua na rubela. Lakini MR haina matumbwitumbwi, na majimbo mengi yanataka kinga hiyo mara 2. Njia fupi ni kupewa MMR 2 zikipishana walau siku 28. Kinga ya surua iliyozidi haimdhuru mtoto.

Tetekuwanga: haimo kwenye ratiba zetu. Dozi 2, zikipishana miezi 3 kwa walio chini ya miaka 13 na wiki 4 kwa waliozidi. Kama aliugua tetekuwanga nyumbani, majimbo mengi hukubali uthibitisho wa daktari au kipimo cha damu badala ya sindano. Tumia mlango huo.

Hib na pneumokoko hazidaiwi kwa mtoto aliyepita miaka 5. Baadhi ya majimbo yanadai homa ya ini A.

Kwa hiyo mtoto huyu siku ya kwanza anapata DTaP, Hep B, IPV, MMR na tetekuwanga. Sindano 5, au pungufu kliniki ikiwa na za mchanganyiko. Baada ya siku 28, MMR ya pili. Miezi 3 tangu siku ya kwanza, tetekuwanga ya pili. Miezi 6 tangu siku ya kwanza, polio ya mwisho. Andika tarehe hizo ukutani, kwa sababu kuruhusiwa kuanza shule kwa muda kunategemea kutokosa hata moja.

Nini huharibika? MMR na tetekuwanga ni chanjo hai. Zitolewe siku moja, au zipishane siku 28 kamili. Ya pili ikiwahi, tuseme siku ya 20, inafutwa na kurudiwa. Wazazi wanaoomba "mpunguzieni leo, tutarudi wiki ijayo" hujikuta kwenye shimo hili. Mtoto alie mara moja. Kipimo cha kifua kikuu cha ngozi nacho kifanywe siku hiyohiyo au kabla; baada ya MMR kinangojewa wiki 4, maana jibu linaweza kudanganya. Na kwa mtoto aliyechanjwa BCG, omba kipimo cha damu, kwa sababu BCG huweza kukifanya cha ngozi kionyeshe kifua kikuu kisichokuwepo.

Kama hakuna karatasi kabisa, daktari anaweza kupima damu kuona kinga ya surua, matumbwitumbwi, rubela na tetekuwanga, au kuanza chanjo upya. Kuanza upya mara nyingi ni rahisi na haraka zaidi. Kinachosumbua ni pepopunda ikirudiwa mara nyingi kwa karibu: mkono huvimba na kuuma siku kadhaa.

Siku ya kliniki

Gharama isikuzuie. Mpango wa Vaccines for Children (VFC), ulioanza 1994 baada ya surua ya 1989 hadi 1991, hutoa chanjo bure kwa watoto hadi miaka 18 wenye Medicaid (bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo), wasio na bima, au wenye bima isiyolipia chanjo. Kliniki inaweza kudai ada ndogo ya kuchoma, lakini hairuhusiwi kumnyima mtoto wa mpango huo chanjo kwa sababu mzazi hana hiyo ada. Ukipiga simu idara ya afya ya kaunti, uliza swali moja: je, mnatoa chanjo za VFC?

Mtoto akipelekwa na shangazi au jirani, kliniki nyingi zitakataa bila barua ya mzazi au mlezi wa kisheria. Barua iwe na jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, jina la anayempeleka, maneno kwamba unakubali achanjwe, saini na namba yako ya simu.

Mkalimani ni haki yako bila malipo, kliniki na shuleni pia. Sema "Swahili interpreter", na kama unatoka Congo sema hivyo, ili upewe anayekielewa Kiswahili chako. Mwanao wa miaka 12 asitumike kutafsiri. Hajui tofauti ya surua na tetekuwanga kwa Kiingereza, na kosa lake litaandikwa kwenye faili. Ukishindwa kuelewana, taja jina la Kifaransa: rougeole ni surua, varicelle ni tetekuwanga.

Nesi atauliza maswali kabla ya kuchoma. Jibu kweli kuhusu mzio mkali uliotokea baada ya chanjo iliyopita, kinga ya mwili iliyoshuka, dawa za saratani, na kwa binti mkubwa, mimba. Mafua mepesi na kikohozi havizuii chanjo. Baada ya MMR homa huweza kuja kati ya siku ya 7 na ya 12, wakati mwingine na vipele. Mzazi asiyejua hilo hudhani mtoto amepata surua kutokana na sindano.

Kabla ya kutoka omba mambo 2. Kwanza, dozi za zamani za nyumbani ziingizwe kwenye sajili ya chanjo ya jimbo, si za leo peke yake. Pili, uchapiwe fomu ya shule yenye saini.

Kwenye ofisi ya shule

Peleka nakala, kadi ya asili ibaki kwako. Ukiambiwa mtoto hawezi kuanza, omba vitu kwa maandishi: chanjo zipi hasa zinakosekana, na muda gani wa kuanza kwa masharti jimbo linaruhusu. Majimbo mengi yana muda huo. New York inatoa siku 14, na hadi 30 kwa mtoto anayetoka nchi nyingine akionyesha juhudi ya kuzitafuta. Pennsylvania inatoa siku 5, kisha inataka mpango wa daktari wenye tarehe. Barua ya miadi ya kliniki ndiyo ushahidi wa juhudi, kwa hiyo ipate kabla hujaenda shule.

Familia inayoishi kwa ndugu kwa sababu imepoteza nyumba au haimudu kodi, au iliyo kwenye hoteli au makazi ya dharura, inahesabiwa kisheria kuwa haina makazi. Sheria ya McKinney-Vento inaiamuru shule kumpokea mtoto huyo mara moja hata bila karatasi za chanjo, kisha imsaidie kuzipata. Kila wilaya ya shule ina ofisa wa kazi hiyo. Muulizie. Familia nyingi mpya zinahusika na sheria hii bila kujua. Na kuhusu hadhi ya uhamiaji, tangu uamuzi wa Mahakama Kuu wa 1982 mtoto hanyimwi shule ya umma kwa kukosa makaratasi ya kuishi nchini.

Fomu ya msamaha ni ya nani

Ni ya mzazi ambaye kweli hataki, katika jimbo linaloruhusu, na anayejua anachosaini. Mtu huyo ana haki yake, na asome vizuri. Majimbo mengine yanataka saini ya mthibitishaji, mengine kozi fupi au mazungumzo na mhudumu wa afya, mengine fomu mpya kila mwaka. Asome pia sehemu inayosema mtoto ataondolewa shuleni ugonjwa ukizuka. Kuandika kwamba dini inakataza wakati dini yako haikatazi ni kutia saini uongo, na hakuna sababu ya kufanya hivyo kwa tatizo la tarehe.

Waislamu huuliza juu ya jelatini ya nguruwe, na swali ni la haki. MMR II na chanjo ya tetekuwanga inayotumika Marekani zina jelatini hiyo. Mkutano wa wanazuoni na madaktari ulioitishwa Kuwait 1995 na Shirika la Kiislamu la Sayansi za Tiba uliona kitu kikishageuka asili yake hukumu nayo hugeuka, na ukairuhusu jelatini. Ambaye bado moyo haujatulia aombe Priorix, MMR isiyo na jelatini, iliyoidhinishwa Marekani 2022. Apige simu mapema, kwa sababu si kila kliniki inayo.

Wanaouliza kama MMR huleta usonji waelezwe bila kudharauliwa. Hofu ilitoka kwenye makala ya daktari Mwingereza Andrew Wakefield ya 1998, na jarida lililoichapisha liliiondoa 2010. Majirani zetu Wasomali wa Minnesota walilengwa sana na ujumbe huo: watoto wao wa miaka 2 waliochanjwa MMR walishuka kutoka asilimia 92 mwaka 2004 hadi 42 mwaka 2014. Mwaka 2017 surua iliwakumba watu 75 jimboni humo, wengi wao watoto wa Kisomali. Mwaka 2025 mlipuko wa magharibi mwa Texas ulifikia wagonjwa 762, na watoto 2 wa shule wasiochanjwa walikufa. Surua inahitaji watu 95 kati ya 100 wawe na kinga ili isisambae. Watoto wa chekechea Marekani mwaka wa masomo 2024 hadi 2025 walikuwa asilimia 92.5. Hatuoni sababu ya kuongeza jina la mtoto aliyekwisha chanjwa kwenye pengo hilo kwa sababu tu karani hakuweza kusoma neno Penta.

Kama ulishasaini, inafutika. Peleka fomu ya chanjo yenye saini ya kliniki na barua fupi: "Naondoa ombi la msamaha nililosaini tarehe fulani." Taja jina la mtoto na darasa, omba nakala yenye muhuri wa kupokelewa, kisha baada ya wiki 2 uliza nesi wa shule kama kompyuta imebadilika. Mara nyingi karatasi hubadilika, kompyuta ikabaki vilevile.

Na kabla ya kuhamia jimbo jingine, kufuata kazi ya kiwanda cha nyama Iowa au ndugu waliotangulia Kentucky, pita kliniki uchapiwe rekodi nzima. Sajili za majimbo hazisomani zote. Iweke pamoja na kadi ya asili na DS-3025 ndani ya ule mfuko mweupe, na mfuko upande nawe garini, usiende na mizigo.